Nje ya Mlango Masika Yote

Machi 9, Jumatatu

Mvua imeanza leo, na paa linavuja pale pale lilipovuja mwaka jana, juu ya benchi la ndugu. Si juu ya stoo, si juu ya choo cha watumishi. Hapana, juu ya benchi ambalo watu hukaa wakisubiri kuambiwa kama baba yao yupo au hayupo. Nimemwambia fundi. Amesema kesho. Nimeweka ndoo.

Nimeanza kuandika humu kwa kuwa sina wa kumwambia. Kazini ukisema neno asubuhi, mchana limeshafika jikoni na kurudi limenenepa. Nyumbani nipo na dada yangu mkubwa tu, na yeye ana ugonjwa wa moyo mpana. Daktari wa kliniki amesema asishtuliwe na chochote. Basi naandika, halafu nasali, halafu nalala. Kama siku moja utaliokota daftari hili, nivumilie mwandiko. Shule niliishia darasa la saba, na kalamu hii nayo inavuja kama lile paa.

Mimi ni mhudumu wa chumba cha dharura. Nasukuma vitanda, nafagia, napeleka damu maabara. Lakini kazi wanayonijua nayo wote ni moja. Moyo wa mgonjwa ukisimama, madaktari wakaanza kumbonyeza kifua ili wamrudishe, mimi ndiye ninayewatoa ndugu. Nawashika bega, nawatoa, nafunga mlango, nasimama nimeupa mgongo. Wenyewe wananiita Mama Mlango. Amri ni ya daktari wetu mkuu, mzee mwenye miwani ya kamba, ambaye neno lake la kwanza ni "Nje!" hata kabla hajavaa glavu. Manesi wanamwita Bwana Nje, akishafika mbali.

Mimi nipo upande wake. Ndugu wanapiga kelele, wanaanguka, wanamshika daktari mkono. Nawaambia, "Ni kwa faida yenu, jamani," na nikisema hivyo moyo wangu mweupe.

Leo ameripoti daktari mpya, binti mwembamba, mkoba mgongoni, na mkononi kiti cha plastiki. Amekiweka ndani, kwenye kona ya sinki.

"Cha nani hicho, daktari?" nikamuuliza.

"Cha ndugu."

"Ndugu gani?"

"Yeyote atakayetaka kubaki na mtu wake."

Nikakitazama kiti, nikamtazama na yeye. Mungu anisamehe niliyoyawaza.

Machi 12

Mvua. Fundi: kesho.

Machi 13, Ijumaa

Nimeudhika kweli.

Asubuhi ameletwa fundi mwashi, ameanguka kazini, mkewe nyuma na kandambili moja. Moyo ukasimama wakimhamishia kitandani. Nikamshika mke bega kama kawaida, tumeshafika mlangoni, nasikia yule binti, hata kichwa hakuinua: "Mama, mwache akae."

Mbele za watu! Mke akarudi, akakaa kwenye kile kiti. Mimi nikatoka, nikafunga mlango, nikasimama nje peke yangu kama mlinzi wa duka lililohama.

Mwashi hakurudi. Mkewe alitoka kwa miguu yake. Hakupiga kelele, hakuanguka. Aliniuliza bomba la kunawia liko wapi, nikamwonyesha. Mimi nilikuwa nimeshatayarisha mikono ya kumdaka, sikujua niipeleke wapi.

Mchana Bwana Nje akaingia zamu.

"Hiki kinafanya nini humu?"

"Ni cha daktari mpya, kwa ajili ya ndugu."

"Toa."

Nikatoa.

Machi 14

Binti: "Kiti kiko wapi?" Nimerudisha.

Machi 15

Nimetoa.

Machi 16

Nimerudisha. Anayetumwa ni mimi, anayesonywa ni mimi. Manesi sasa wanamwita Daktari Kiti. Fundi kaja, kaangalia paa, kaguna, kaondoka. Kesho.

Machi 18, Jumatano

Kikao, kwa ajili ya kiti. Nisingeamini kama nisingekuwepo, na nilikuwepo kwa sababu mtu wa kuwapelekea chai alikuwa mgonjwa.

Bwana Nje alianza taratibu. "Binti, umewahi kumvunja mtu mbavu mbele ya mwanawe?"

"Nimewahi."

"Ikawaje?"

"Mwanawe akajua kwamba nilijaribu."

"Mimi nikivunja mbavu, namvunja mgonjwa. Sitaki kuivunja familia nzima."

Mle ndani wengi waliitikia kwa kichwa, na mimi na sinia langu nikiwemo. Daktari wa usingizi, yule mcheshi anayeingiza mipira kooni, akasema, "Mimi mke wa mtu akinitazama, koo silioni tena. Namwona mke." Wakacheka. Mwingine akasema watapiga picha kwa simu. Mwingine akasema chumba ni kidogo, na kweli ni kidogo.

Daktari Kiti alingoja kicheko kiishe. "Tukiwafungia nje, wanajitengenezea picha zao, na picha zao ni mbaya kuliko yetu. Wanatuuliza mpaka uzeeni: mlimfanya nini? Mlijaribu kweli? Mimi nimejibu hayo maswali barabarani, sokoni. Ila simaanishi mtu akae pale kama mzigo. Inatakiwa awepo mmoja wetu wa kusimama naye na kumweleza kinachofanyika."

"Mmoja wetu nani?" akauliza nesi mkuu. "Nina manesi wanaokula wamesimama."

Wote wakatazama dari. Dari nayo ilikuwa inadondosha.

Uamuzi ukawa kwamba kila daktari ataamua kwa zamu yake. Nesi mmoja tunayemwita Redio akasema, "Kwa hiyo mtu kabla hajaanguka aangalie kwanza ratiba ya zamu." Wakacheka tena. Mimi sikucheka, maana nani ataeleza hiyo ratiba pale mlangoni? Ni mimi. Asubuhi nimwambie mama mmoja ingia, mchana nimwambie mwenzake toka, na wote wawili wananitazama mdomo.

Machi 22, Jumapili

Baada ya kanisa nikamsimulia dada habari za kiti, nikiiga sauti zao. Alicheka mpaka nikaogopa, nikamwambia basi, dada, pumua. Alikuwa anatia upindo kwenye mapazia ya mteja. Anashona amekaa kitandani siku hizi, cherehani ameivutia karibu, maana akisimama miguu inajaa.

"Na mimi je?" akasema, uzi upo mdomoni.

"Wewe nini?"

"Nikianguka nikapelekwa huko kwenu. Utanifungia mlango?"

"Hutaanguka. Umekunywa dawa ya mchana?"

"Mdogo wangu, nimekuuliza swali."

"Na mimi nimekuuliza dawa."

Akatoa uzi mdomoni. "Sina mume, sina mtoto, nina wewe. Sitaki nimalizie na watu wanaonijua kwa namba ya kitanda. Uwepo. Hata kama sisikii, uwepo."

Nikaenda kuchukua dawa. Nilikaa jikoni muda mrefu kuliko kazi ya kuchukua kidonge. Sikumwahidi. Ningemwahidi nini, na mlango wenyewe unakwenda kwa zamu?

Machi 31

Mvua usiku kucha, asubuhi benchi limeloa lote. Ndugu wamesimama ukutani kama watoto waliochelewa shule. Nimempigia fundi. Hapokei.

Aprili 7, Jumanne

Siku mbaya. Naiandika ilivyo.

Mwalimu mmoja, mtu mzima, alimleta baba yake mzazi. Zamu ya Daktari Kiti. Mwalimu akaruhusiwa, akakaa kwenye kiti, mimi nje na wengine. Baada ya kitambo tukasikia sauti yake kupitia mlango: "Usiache! Daktari, nakuomba, usiache!" Tena na tena. Kwenye benchi ikasikika sauti yake tu, na matone kwenye ndoo.

Redio ndiye aliyenieleza baadaye. Kila Daktari Kiti alipotaka kusema basi, mwalimu alipiga magoti, naye akaendelea. Wote waliobaki na akili wakijua kwamba mzee amekwenda, wao wanabonyeza. Na nyuma ya pazia kulikuwa na mama mwenye pumu, anagonga chuma cha kitanda kwa pete yake, hakuna anayesikia. Akaitwa Bwana Nje kutoka ofisini. Aliingia, akatazama, akasema, "Imetosha." Kisha akaenda nyuma ya pazia mwenyewe. Yule mama wa pumu alikuwa ameanza kuwa wa buluu midomoni. Mungu ni mwema, amepona.

Nilipoingia kufagia nilimkuta Daktari Kiti ameinama kwenye sinki, anasugua mikono iliyokwisha kuwa safi.

"Hakukuwa na mtu wa kukaa naye," akasema. Hakuwa anasema na mimi.

Aprili 9

Mwalimu yupo getini anawaambia watu kwamba baba yake aliachwa akiwa bado anatikisika. "Alikuwa anatikisika kwa sababu sisi ndio tulikuwa tunamtikisa!" Redio anamfokea mpaka mwenyewe anashikwa na mlinzi.

Daktari Kiti ametoa kiti kwa mkono wake mwenyewe. Amekiweka nje, mahali pakavu, na bibi mmoja akakikalia papo hapo.

"Kuanzia leo wote nje, Mama Mlango."

"Sawa, daktari."

Nilichokuwa nakitaka nimekipata. Mbona basi chakula cha mchana hakikushuka?

Aprili 12, Jumapili

Dada hakuweza kwenda kanisani. Nimemwimbia wimbo mmoja kitandani, amenisahihisha sauti. Miguu imejaa hadi magotini.

Aprili 20, Jumatatu

Leo kuna kitu kimenichoma na bado kinawaka.

Amefariki mama mmoja mwuza mboga, zamu ya Bwana Nje. Mumewe nilikuwa naye kwenye benchi. Bwana Nje akatoka kusema pole, kama anavyosemaga, maneno machache, mikono nyuma. Yule mume hakulia. Aliuliza, "Alinitaja?"

Bwana Nje akageuka kuutazama mlango. "Sijui," akasema.

Mume alipoondoka, mzee hakurudi ndani. Alisogeza ndoo kwa mguu, akakaa kwenye benchi pembeni yangu. Miaka yote hii sijawahi kumwona amekaa pale. Tone likamwangukia begani, hakufuta.

"Mama Mlango, unajua kwa nini nawatoa?"

"Kwa faida yao, daktari."

Akacheka puani. "Mimi nikitazamwa, mikono hii haifanyi kazi. Tangu nipo mwanafunzi. Jicho la mwenye mtu likiniangukia, sindano inapita pembeni."

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo. Yale mengine ninayosema kwenye vikao ni ya kweli pia. Ila hayo niliyatafuta baadaye."

Nilikuwa nahesabu nyuso. Wale wote niliowashika bega nikawaambia kwa faida yenu, jamani, kumbe lilikuwa neno la mtu mwingine, na mimi nilikuwa nalibeba kama nabeba chupa za damu, bila kujua ndani mna nini. Nilitaka kumfokea. Lakini nilimwona na zile kamba za miwani zimemning'inia, mzee kweli, amelowa bega moja, na hasira ikakosa mahali pa kutua. Nikamwuliza lile langu.

"Daktari, nina dada yangu. Ana moyo mpana, na haendelei vizuri. Siku akiletwa hapa?"

"Omba iwe zamu ya yule binti."

"Binti naye siku hizi anafunga."

Akasimama, akajipangusa. "Basi omba asiletwe."

Nimeomba. Nimeomba mpaka magoti yamekufa ganzi. Lakini na wewe, Mungu wangu, niambie, hilo ni jibu la kumpa mtu?

Aprili 21

Fundi amepokea simu. Anasema mvua ikiendelea hivi hawezi kupanda juu, atateleza. Nikamwuliza, na isiponyesha utajuaje panapovuja? Akakata.

Mei 4, Jumatatu

Tumemzika dada jana. Nyumba imejaa watu na mimi nimejifungia chumbani kwake, nimekaa kwenye kiti cha cherehani.

Ilikuwa Alhamisi asubuhi. Nilimwacha amekaa, ananituma nyuzi za rangi ya maziwa, akisisitiza maziwa, si nyeupe, nyeupe ninazo. Nikaingia kazini. Mvua kubwa. Kabla ya chai, gari la mizigo likarudi kinyumenyume mpaka mlangoni petu, na anayeshuka ni jirani yetu wa ukuta mmoja, amejifunga kitenge kichwani kwa mvua, anapiga mayowe. Nikavuta kitanda cha magurudumu mbio, kazi ni kazi. Nikafunua turubai. Ni dada.

Tulimwingiza. Bwana Nje alikuwa zamu. Alimgusa shingoni, akapanda kwenye kile kistuli cha chuma wanachosimamia, akaanza kubonyeza, na akasema neno lake: "Nje!"

Na mimi nikafanya nini? Nikamshika jirani bega. Nikamtoa. Nikasema, Mungu wangu, nilisema kwa sauti ile ile, "Ni kwa faida yetu, jamani." Nikafunga mlango, nikaupa mgongo, nikasimama. Mwili wangu ulifanya yote hayo wenyewe, kama mtu anayefunga kanga gizani.

Jirani alikuwa ananitazama. Maji yanamtiririka usoni.

"Sasa wewe unafanya nini huku nje?" akasema.

"Ndugu hawaruhusiwi."

"Mama, ndugu yake si ni wewe?"

Hapo ndipo nilipoamka. Benchi zima linanitazama, na nyuma ya mgongo wangu nasikia wanahesabu. Nikageuka. Nikagonga, wewe fikiria, mimi nagonga ule mlango! Hakuna aliyefungua, maana anayefungua siku zote ni mimi. Nikausukuma, nikaingia.

"Nje," akasema Bwana Nje, bila kutazama.

"Daktari, ni dada yangu."

"Najua. Ndiyo maana nimesema nje."

"Sitoki."

Redio akaacha kuvuta dawa. Daktari wa usingizi akaacha kukamua ule mfuko wa hewa, nusu ya pumzi. Bwana Nje alinitazama mara moja, kisha akatazama mikono yake, na nikaiona. Ilikuwa inatetemeka kweli. Hakunidanganya pale kwenye benchi.

"Simama kichwani," akasema. "Nikisema sogea, usiguse kitanda. Na zungumza naye."

"Anasikia?"

"Sijui. Zungumza."

Nitaandika nilichokiona, maana nimefagia chumba kile miaka mingi, nikaokota glavu na vikaratasi vyake, na sikuwahi kujua kinachofanyika mle. Wanapokezana. Mmoja anabonyeza, mikono imenyooka, kifua kinadidimia kuliko unavyodhani kifua cha mtu kinaweza kudidimia. Mwanzoni kuna sauti, kama kikapu kikavu kinachokanyagwa, kisha sauti inaisha na kunabaki ulaini, na ulaini ni mbaya zaidi. Mwingine anakamua pumzi. Wanaweka mashine, wanasema sogea, mwili unaruka kidogo tu, si kama watu wanavyosimulia, halafu wanaanza tena. Nguo yake walikuwa wameikata kwa mkasi, na mimi nikawaza, ataniuliza nani kakata mshono huu vibaya hivi.

Nikazungumza. Sikuwa na maneno ya maana. Nilimwambia nyuzi nimeziona dukani, rangi ya maziwa. Nilimwambia yule mteja wa mapazia atangoja. Nilimwambia fundi bado anasema kesho. Nilimwambia, "Nipo, dada. Ni mimi, nipo hapa kichwani." Nilisali katikati ya hayo, yakachanganyika, fundi na Mungu sentensi moja.

Sijui kama mikono ya Bwana Nje ilitulia. Sikuitazama tena. Nilikuwa namtazama dada.

Mwisho alisimama wima. Jasho lilikuwa limefunika miwani. Alisema, "Naacha sasa, mama. Umeona."

Nikasema, "Nimeona, daktari."

Basi. Ilikuwa hivyo.

Nikifumba macho naona mbavu, na naisikia ile sauti ya kikapu. Hilo nalo Bwana Nje alilisema kwenye kikao, na ni kweli, sitamsingizia. Nimeamka mara mbili usiku na mikono masikioni. Lakini jamaa hapo sebuleni wanaulizana, hivi walimhudumia kweli? Hivi hakuteseka peke yake? Mimi sina swali. Kila mmoja humu ndani analo, isipokuwa mimi.

Mei 6

Daktari Kiti amekuja kunipa pole. Amekaa chini mkekani na kina mama. Aliponiaga mlangoni alisema, "Ingekuwa zamu yangu, mama, sijui kama ningekuacha ubaki. Siku hizi naogopa." Nikamshukuru kwa hilo kuliko kwa pole.

Mei 11, Jumatatu

Nimerudi kazini. Jua kali, mbingu haina hata wingu la kujifutia uso, na nani yupo juu ya paa anagonga bati? Fundi.

"Nilikwambia nitakuja," ananipigia kelele toka juu, anacheka.

Nikaiondoa ndoo, nikaingia ndani.

Saa ya chai nikaitwa kwa nesi mkuu. Kwamba niliingia chumbani wakati wa dharura bila ruhusa, mtumishi niliyepaswa kulinda mlango, na mlango ukabaki wazi. Nilikuwa tayari kusema ndiyo, nimefanya. Bwana Nje akapitisha kichwa dirishani: "Nilimruhusu mimi." Akaenda zake. Ikaisha hapo.

Nikamfuata kwenye korido.

"Daktari, umenisemea uongo."

"Uongo gani? Nilikwambia simama kichwani."

"Asante. Sasa na wengine?"

"Wengine kina nani?"

"Hawa wa kwenye benchi. Nao wana dada."

Akavua miwani, akaifuta kwa koti. "Wewe ni mwenzetu, Mama Mlango. Nakujua. Wao siwajui."

"Mimi nawajua. Mimi ndiye ninayekaa nao."

"Hawa watu si wewe. Unakumbuka yule mwalimu?"

"Namkumbuka. Nakumbuka pia kwamba hakukuwa na mtu wa kukaa naye. Niweke mimi, basi. Nisimame naye, nimshike, nikimwona anazidiwa nimtoe. Kutoa watu najua."

Akairudisha miwani usoni taratibu, nikadhani anafikiri. Kumbe alikuwa anatafuta mlango wa kutokea.

"Tutazungumza," akasema.

Tutazungumza na kesho wamezaliwa na mama mmoja.

Mei 13

Nimemkumbusha. "Tutazungumza, mama."

Mei 15, Ijumaa

Hawajazungumza.

Leo alasiri ameletwa bibi mmoja na mwanawe wa kiume, mtu wa makamo, seremala, vumbi la mbao bado lipo kwenye nyusi. Moyo ukasimama mbele yake. Bwana Nje akasema "Nje!" vile vile, sauti ile ile, hata hakunitazama.

Nikamshika seremala bega. Sina ruhusa ya kumwingiza, na nikiingia kwa nguvu kila siku watanifukuza, halafu pale mlangoni watamweka mtu mwingine. Nikamtoa. Nikafunga. Ila maneno yangu ya miaka yote sikuyasema. Nilipofungua mdomo yalikataa kutoka.

Akasimama katikati ya korido, anashika ukuta, anaacha, anashika tena. "Mama, wanamfanya nini humo?"

Jibu la siku zote ni kwamba wanamhudumia, tuombe Mungu. Nilikuwa nalitoa kwa watu kama mtu anavyotoa maji, na ni jibu zuri, na Mungu nampenda. Lakini huyu hakuniuliza habari za Mungu.

"Kaa hapa," nikamwambia. Nikakaa pembeni yake. "Unataka nikwambie kweli? Si nzuri."

"Niambie."

"Sasa hivi daktari mkuu amesimama juu ya kistuli cha chuma, upande wa kulia wa mama yako. Mikono ameinyoosha. Anambonyeza kifua kwa nguvu sana, kwa nguvu ya kuumiza, kwa sababu damu inatakiwa ifike kichwani. Ukisikia sauti, ni mbavu. Mama hasikii maumivu. Kichwani kuna daktari mwingine, mcheshi yule, sasa hivi hacheki. Anakamua mfuko, ile ndiyo pumzi ya mama yako kwa sasa."

Seremala alikuwa analia, mdomo wazi, lakini ananitazama. Ndani wakahesabu kwa sauti.

"Hiyo ni nini?"

"Wanapokezana. Mmoja amechoka, mwingine anaingia. Kuna nesi anavuta dawa, anatoboa mkononi. Hawajaacha. Nitakwambia wakiacha."

Mlango ukafunguka kidogo. Bwana Nje alikuwa amepokewa, amesimama pale anavuta pumzi. Alinisikia. Nilijua ananisikia, nikangoja aninyamazishe. Alitutazama, mimi na seremala, kisha akarudi ndani. Mlango akauvuta, akaufunga.

Hasira ikanipanda. Nikaacha kueleza, nikautazama ule mlango.

Seremala akanishika mkono. Kiganja chake kilikuwa kigumu kama ubao.

"Endelea, mama," akasema. "Usiniache. Sasa wanafanya nini?"

Nikaendelea.